Chokaa Bado Imelala

Chokaa iliyopakwa sasa hivi ina harufu yake, kama ganda la yai lililoungua. Juzi nilipita Al Mankhool, hapa Dubai, nikakuta wanapaka ukuta wa duka, ikanijia puani, nikasimama pale pale na mifuko yangu ya sokoni. Basi nikupeni kisa changu, ila msinicheke.

Baba yangu, fundi wa Kiunguja, alipata kazi kwenye nyumba moja kongwe ya Bur Dubai, ya mawe ya matumbawe na mnara wa upepo, iliyokuwa ikikarabatiwa irudi kama zamani. Alipewa ukuta wa sebule. Mama akimtania kwamba aliupenda ukuta ule kuliko anavyotupenda sisi, na sina hakika kama alikuwa akitania.

Chokaa aliiloweka shimoni, akaifunika magunia, akaiacha wiki kadhaa. "Imelala," akitwambia. "Ukiiamsha kabla ya wakati wake, itakupasukia ukutani." Mama humjibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ijumaa moja simu ya nyumbani ikalia. Alikuwa arbab wake, mkandarasi, anauliza mbona ukuta haujaanzwa na wakaguzi wanakuja. Baba yumo bafuni, povu limemjaa kichwani. "Mwambie chokaa bado imelala," akapaza sauti.

Nilikuwa na miaka minane, na Kiarabu cha shule kikiniwasha ulimini. Chokaa kwa Kiarabu ni nura. Nikasema kwa madaha, "Nura nayma," yaani nura imelala. Arbab akasema khalas, basi, akakata.

Sasa, dada yangu mkubwa anaitwa Nura. Arbab mwenyewe humwita baba Abu Nura. Alichosikia yeye ni kwamba fundi wake haanzi kazi kwa sababu binti yake hajaamka.

Baba alipofika kazini alikuta watu watatu wanaupiga ukuta ule lipu ya saruji. Arbab akamwambia mbele yao kuwa anayelea usingizi wa binti yake akaulelee nyumbani kwake. Baba akaelewa palepale kosa lilikotoka. Akasema samahani, basi. Akahamishiwa Dubai Investments Park, kupaka rangi mabweni ya wafanyakazi.

Sisi watoto tuliambiwa tu kwamba kazi ya Bur Dubai imekwisha. Jioni ile aliniuliza nilimjibu nini arbab. Nikarudia, kifua mbele. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Kiarabu chako fasaha, mwanangu," akasema. Nilijisifu kwa sifa hiyo miaka na miaka, mpaka mbele ya wageni.

Saruji haikudumu. Chumvi na unyevu viliibandua, ikang'oka pamoja na uso wa mawe yale ya kale. Mama ndiye aliyenitobolea siri yote, mimi nishakuwa na watoto wangu. Nilimwendea baba kwa hasira. Kwa nini hakumweleza arbab? Neno moja tu lingemrudishia ukuta wake.

"Angetaka kujua nani kasema," akanijibu. "Ungejua umeniharibia, usingefungua tena kinywa chako."

Nililia, nakwambieni, hata mume wangu akadhani nimefiwa. Kumbe baba alicheka vile na kunisifu jioni ya siku ile ile aliyonyang'anywa ukuta, na mimi ndiye niliyempokonya.