Mama Mkwe, Mimi na Mwenyewe

Mama mkwe wangu, Bi Sabaha wa Nkowe, alimsemesha simba kwa adabu kuliko alivyonisemesha mimi. Sisemi haya kwa kinyongo. Mila ilikuwa hivyo: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaitani, hawakai jamvi moja. Akitaka nichanje kuni alimwambia jogoo, nami nikiwa karibu nasikia jogoo akitumwa, basi nachukua shoka.

Nilihamia kwake mwaka 1952, mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea yalipofifia na sisi vibarua wa kung'oa visiki tukaambiwa twende makwetu. Nilikuwa nimemwoa binti yake, Mwanaima, na kwa desturi za Wamwera ilinibidi nilime ukweni ili nitazamwe kama nafaa. Nikivunja heshima, Mzee Mbaruku, kaka yake Bi Sabaha, angenifungashia virago siku hiyo hiyo. Na Mwanaima alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Sikutaka kabisa kufungashiwa virago.

Bi Sabaha alikuwa mjane, mfupi, mkavu, na aliwajua simba kuliko bwana nyama yeyote mwenye bunduki. Aliinama juu ya nyayo vumbini akasema huyu dume, kashiba, kapita alfajiri. Neno "simba" halikutoka kinywani mwake, alimwita Mwenyewe. Wala hakumchukia. "Nguruwe wanatumalizia mtama," alimweleza jogoo, "na sisi Waislamu hatuwali. Mwenyewe anawala. Sasa rafiki yetu nani?" Watu wa kijiji jirani cha Mandawa walipomtega mmoja wakamuua, alinuna juma zima.

Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Nachingwea nilishafundishwa dawa ya simba: piga debe, piga kelele, atatimua mbio. Aliyenifundisha ni Filbert, dereva wa tingatinga, ambaye kila alipomwona simba alikuwa juu ya tingatinga.

Asubuhi moja Mwanaima alishikwa na kichefuchefu, akaniomba nimpelekee mama uji shambani, alikokuwa juu ya dungu, kile kilingo cha miti, akifukuza nyani. Utaratibu niliujua: weka kibuyu juu ya kisiki, kohoa, ondoka. Nikaweka, nikakohoa. Kitu kikanijibu kutoka ndani ya mtama, kwa kikohozi kizito kuliko changu. Hatua ishirini mbele yangu alilala simba dume, na nusu ya nguruwe kati ya miguu yake.

Debe sikuwa nalo. Nikavuta pumzi nipige kelele. Hapo ikaja sauti kutoka dunguni, tulivu kabisa.

"Shikamoo, Mwenyewe. Usisumbuke, kula chakula chako. Huyo unayemwona hana mafunzo, katoka Nachingwea. Lakini hapigi kelele. Umenisikia, Mwenyewe? Hapigi kelele hata kidogo."

Nikafunga kinywa.

"Wala hakupi mgongo. Anarudi nyumanyuma, taratibu, mpaka kwenye ngazi. Na macho hakukodolei, si mtovu wa adabu kiasi hicho."

Nikaanza kurudi nyumanyuma. Mwenyewe akaacha nyama, akasimama. Mkia wake uliokuwa umetulia ukaanza kuchapa huku na huku.

"Sasa anapanda," Bi Sabaha akamwambia simba, na sauti yake ilikuwa imepanda kidogo.

Mgongo wangu ukagusa ngazi, na hapo nikakwama. Dungu lile halikuzidi upana wa kitanda. Kupanda ni kukaa kitandani na mama mkwe mchana kweupe, na Mbaruku angepata habari kabla ya adhuhuri. Kubaki chini ni kuliwa. Wallahi nilisimama pale nikipima.

"Mwenyewe," nikasema, "mwambie mama heshima hainiruhusu."

"Mwenyewe, mwambie huyo mpumbavu binti yangu hawezi kulea mtoto kwa heshima tupu. Apande!"

Nikapanda. Sijui nilipandaje, ila buti langu moja lilibaki chini. Simba akaja hadi ngazini, akalinusa, akapiga chafya, akarudi kwa nguruwe wake. Bi Sabaha alikuwa amejifunika kaniki gubigubi na kugeukia upande wa pili. Nami nikageukia upande wangu. Kwa ufinyu wa mahali migongo yetu iligusana, na tukakaa hivyo mpaka jua likawa utosini, Mwenyewe aliposhiba akaenda zake.

Wafukuza nyani wa mashamba ya jirani walikuwa wametuona, na jioni ile Mzee Mbaruku akaita wazee uani kwa dada yake. Mwanaima alikuwa jikoni akilia.

"Dada," Mbaruku akauliza, "mkwe wako kapanda dunguni kwako?"

"Kapanda."

"Mkagusana?"

"Migongo."

Wazee wakaguna. Mbaruku akasema mambo yamekwisha, kijana afunge virago; mwanamume mwenye aibu angekimbia, na kama ni kuliwa, aliwe na heshima yake. Nikainamisha kichwa. Nilimwona mwanangu akizaliwa nami sipo, na roho ikaniuma kweli.

Bi Sabaha akatoa kaniki kichwani. Akanigeukia, akanitazama usoni mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake.

"Yunusi," akasema. Sikuwa najua kama analijua jina langu. "Waambie mgongo wangu ulikuwaje."

Sikutaka kumwaibisha. Lakini alikuwa akinisubiri.

"Ulikuwa unatetemeka, mama. Toka nilipokaa mpaka alipoondoka."

"Miaka kumi na minne tangu nifiwe nakaa kule juu peke yangu," akamwambia kaka yake, "na kila akipita, natetemeka hivyo hivyo. Hamkujua, maana hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupanda. Huyu haendi popote."