Mama Mkwe, Kitenge na Mazombi

Vijana wa leo wananiambia eti michezo ya televisheni wanaijua wao. Waongo. Mimi, niliyeacha shule kabla ya kujua kugawanya, niliumaliza mchezo wa mazombi hapa mtaani Buyenzi wakati wa vita. Na aliyenivusha ni mama mkwe wangu, ambaye kioo cha televisheni hakukitazama hata mara moja.

Mashine ya mchezo ilikuwa ya mteja wangu, dereva kutoka ng'ambo ya mpaka wa Gatumba. Lori lake lilikuwa karakanani kwangu, giaboksi imefunguliwa, akaniachia mashine niitunze. Angeichukua Jumatatu. Haikuwa na kile kidude cha kuhifadhi mchezo: ukifa, au umeme ukikatika, unaanza upya. Wiki nzima nilikuwa ninakufa. Jumapili risasi zikalia upande wa mtaa wa Kinama, tukaambiwa mtu asitoke nyumbani. Nikajiambia: ni leo, au basi tena.

Mama mkwe alikuwa ameikimbia Kinama, tukaishi naye. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai uso kwa uso, hawali pamoja, hawasemeshani ovyo. Na nyumba ilikuwa ndogo. Basi tulitundika kitenge katikati ya sebule: yeye upande wake anachambua maharage, mimi na televisheni upande wangu, mke wangu katikati anapeleka maneno.

Nilicheza kama ninavyofungua nati iliyoshika kutu: kwa nguvu. Kila mfu aliyeinuka, nampiga. Nyuma ya kitenge sauti ikatoka:

"Mwanangu, muulize mume wako, hizo risasi anazinunua sokoni?"

Mke wangu akacheka. "Baba watoto, umeulizwa."

"Mwambie mama wafu wanakuja!"

"Mwambie wafu wake wanakokota miguu. Mutu wa kukokota miguu unamupita tu. Na huo mlango unaolia, apana fungua. Kuna mmoja nyuma yake, anapumua."

Nikasikiliza. Kweli, kulikuwa na pumzi. Mimi ambaye nasikia injini ikiwa bado barabarani nikajua ugonjwa wake, pumzi ile sikuwa nimeisikia. Mama yule alitoka Kinama kwa masikio hayo hayo, amelala mferejini, anatenganisha mlio wa viatu vya askari na wa mtu anayekimbia kama yeye. Shule gani inafundisha hivyo?

Nikaanza kutii. Akisema simama, nasimama. Akisema pita, napita. Saa za alasiri tukafika mahali ambapo sikuwahi kufika. Risasi zangu zimeisha, mtu wangu wa kiooni anachechemea, taa ya sebuleni nayo imeanza kufifia. Na mke wangu amekwenda uani kuwasha mkaa.

Mbele yangu mlango mkubwa. Nikausogelea, komeo likalia.

Mama mkwe akakohoa. Nikasimama. Akakohoa tena, kwa hasira. Hakuna wa kumpelekea neno, na kunisemesha hawezi. Halafu nikasikia kijiko kinagonga chuma.

"We sufuria! Mwambie mutu huyo aache mlango. Wote wamejaa hapo. Arudi alikotoka, kule kuko kimya."

Kurudi! Mwanamume gani anarudi walikotoka wafu? Nikarudi. Nyuma ya pipa kulikuwa na ngazi ya chuma, niliipita kwa haraka zangu bila kuiona. Nikapanda, mguu mmoja mmoja, huku taa inapepesa. Juu helikopta ilikuwa inasubiri. Ikaninyanyua, maandishi yakaanza kupanda kiooni.

Kijiko kikagonga tena nyuma ya kitenge. Kisha, polepole:

"Sufuria, amepona?"

"Sufuria," nikasema, "mwambie mama tumepona."

Mke wangu akaingia na mbabula, jiko lake la mkaa, moto umeshika, akasimama mlangoni. "Nyie, mnaongea na nani?"

"Bandika maharage," mama yake akamjibu. "Mutu wako ametembea sana leo."