Mforsadi Uliochelewa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa udongo wa kucha zangu, na kwa uso wa shangazi yangu Zaituni aliponikuta bustanini kwake, Nateete.

Ilikuwa miaka ya wanajeshi kutawala nchi. Wahindi walikuwa wameamriwa waondoke nchini, na maduka yao yakagawiwa kwa wenye bunduki na marafiki zao. Jirani yetu, mzee wa Kihindi fundi cherehani, hakuwa na duka la kugombewa. Alimwachia shangazi mkebe wa mbegu za mforsadi, ule mti wa matunda madogo meusi matamu, za miti ya baba yake. "Dada, otesha zote," alimwambia. "Mtu wangu akirudi, akute kitu chetu." Shangazi akaupokea kwa mikono miwili. Ikawa amana.

Mbegu zikaota, na miche yenyewe ungedhani haikutoka mkebe mmoja. Huu majani mapana, ule majani yamechanika. Huu unanifika kiunoni, ule haujafika goti. Mwaka wa pili michache ikachanua mapema, mingine imenuna tu. Vidole vya mkono havilingani, lakini msichana wa miaka kumi na minane ataambiwa nini? Nilizoea nakati, mboga yetu ile: iliyodumaa unaing'oa, nyingine ipate nafasi. Basi nikang'oa miche kumi na minne, nikaitupa jalalani, nikasimama mikono kiunoni nikijisifu.

Shangazi hakunipigia kelele. Alikaa chini mavumbini na nguo yake safi. "Nani kakwambia miti inashindana mbio?" akaniuliza. "Wale wamepora maduka. Sisi tumepora mkebe."

Wallahi, bora angenichapa. Nilikimbilia jalalani nikikwaruza magome kwa ukucha, mmoja mmoja. Jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Mmoja tu ulikuwa na ubichi ndani. Nikaupanda upya, nikawa naumwagilia maji ya kuoshea vyombo, na kila nikiupita naona aibu.

Kisha ukaja mwaka wa mvua za kudanganya. Miforsadi ya haraka ilichanua kwa manyunyu ya kwanza, jua likarudi, maua yakapukutika yote. Wangu ulikuwa bado umelala. Ulichanua mvua ya kweli ilipofika, ukazaa peke yake bustani nzima. Sukari ilikuwa imeadimika mjini, na shangazi akatutilia forsadi kwenye uji. Alinipa bakuli la kwanza mimi. Nikajua nimesamehewa.

Wanajeshi wale waliondoka. Shangazi naye akatangulia mbele ya haki. Siku moja akabisha hodi mama mwenye mvi, binti wa yule fundi. Nilimpeleka mtini. Alikula tunda moja, akalia. "Ladha ya kwa babu," akasema. Nikamweleza ile miche kumi na mitatu niliyoiua. Aliniomba kitambaa, akafungia matunda yaliyoiva, mbegu akaoteshe huko aishiko.

"Nitaotesha zote," akasema.

Mwanangu, wewe sasa una watoto, na kazini una watu chini yako. Yuko atakayechanua mapema, mshangilie. Yuko atakayenuna miaka. Mwagilia tu, hujui ni mvua ipi anayoingoja. Kawia ufike, walisema waliotutangulia, nami nimeyala matunda yake. Mungu akupe mikono mizito ya kung'oa, myepesi ya kupanda, na akukutanishe na matunda ya uliyemvumilia. Amin.