Siku Nilipowakimbiza Wadhamini

Cheo changu kilikuwa mratibu, na nilikipenda kuliko mshahara wake. Miaka ile ya tisini benki tatu zilikuwa zimeombwa ziwakopeshe wakulima wa mashariki, na hakuna hata moja iliyotaka kutangulia, wala iliyotaka kuachwa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuzifanya zitembee pamoja. Nyumbani kwetu Jinja mke wangu aliniuliza kuratibu ni kufanya nini hasa. Nilimweleza kwa kirefu, nikihesabu kwa vidole. Akasema, "Kumbe ni kubembeleza." Nikanuna mpaka chakula kikapoa.

Lakini alisema kweli, nilibembeleza. Kila meneja alitaka vikao vifanyike ofisini kwake, kwa hiyo tukakutana hotelini karibu na mto, na soda nikanunua mimi. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba hakuna anayemwamini mwenzake. Basi mkulima akitaka mkopo, wanaume watano wenye mashamba wamdhamini, waje waweke dole gumba mbele ya mameneja wote watatu, siku moja, mahali pamoja. Mimi nikaliita hilo mafanikio, nikawanunulia soda nyingine.

Mkopaji wa kwanza alikuwa mjane wa askari magereza. Alikuwa ameishi kambini Jinja mpaka mumewe alipofariki, kisha akarudi kwenye shamba la kahawa la marehemu, kijiji kimoja milimani juu ya Mbale. Alikuja kutuona katika ofisi yetu ndogo pale Malukhu, mjini Mbale. Kahawa yake ilikuwa imechanua, na mnunuzi mmoja alikuwa anaitaka ikiwa ua. Huko milimani ndivyo ilivyokuwa. Mwenye shida anauza mavuno yakiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anachuma kahawa ya mtu mwingine ndani ya shamba lake mwenyewe. Binti yake alikuwa anarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo. Mnunuzi alikuwa ameahidi kuja kuchukua jibu siku inayofuata ile ya benki.

"Afande," aliniambia, maana kwake kila mwanamume mwenye tai alikuwa afande, "wazee tano iko tayari. Mi nilipikia wao pombe, walikunywa, walikubali. Wewe leta benki tu."

Leta benki tu! Kama kwamba benki ni mbuzi. Tuliondoka Jinja asubuhi kwa Land Rover ya kijani tuliyoazimwa na wilaya, na kabla ya kuwasha gari mameneja walikuwa wameshagombea kiti cha mbele. Nikaratibu. Wa kwanza alikaa mbele mpaka Iganga, wa pili mpaka Tororo, wa tatu akaingia Mbale kama gavana. Mimi nilikaa nyuma kabisa juu ya tairi la akiba, nimekumbatia kipaza sauti.

Kipaza sauti hakuna aliyeniagiza nikibebe. Lilikuwa wazo langu, na nilikuwa nimejipongeza kwalo wiki nzima. Mimi ni mtoto wa ukoo wa wanajeshi waliotoka Sudan zamani zile, Kiswahili nimekinyonya kwa mama, na sauti ninayo. Kimasaba, lugha ya huko milimani, sikijui kupita salamu. Tulipofika kwenye mlango wa kijiji nikainuka juu ya tairi langu, nikatoa kichwa dirishani, nikaanza kunguruma.

"Wanaume wote wenye mashamba! Tokeni majumbani! Kusanyikeni mara moja! Kila mmoja aje na tiketi yake ya kodi!"

Tiketi ya kodi ya kichwa ndiyo karatasi pekee ambayo benki zote tatu zilikubali kwamba inamtambulisha mtu. Nilidhani ninawarahisishia. Sikuwaza kwamba gari la kijani la wilaya, likipanda mlima na mtu anayefoka Kiswahili na kudai tiketi, lilikuwa na maana moja tu pale: askari wa gombolola, yaani wa tarafa, wamekuja kukamata wasiolipa kodi. Wazee wao walikuwa wamekimbia sauti kama yangu tangu enzi za majeshi, nao walikimbia vizuri kuliko wazee wao.

Migomba ilitikisika kutoka juu mpaka chini. Mmoja alitoka mbio ndevu zimenyolewa upande mmoja, povu likiwa bado shavuni. Mzee mwingine aliacha fimbo yake njiani, na sijaona mtu mwenye mguu mbovu akipanda mlima namna ile. Kijiji kikabaki na wanawake, kuku na mimi.

Mwenye akili angenyamaza. Mimi niliruka chini nikaingia migombani na kipaza sauti mkononi. "Msikimbie! Hatuna nia mbaya!" Maneno ambayo mwenye nia njema hayasemi kwa kipaza sauti. Walizidi kukimbia, mimi nikazidi kuita, mpaka nilipotumbukia kwenye mtaro na viatu vyangu vya kikao.

Nilipotoka nikakuta mameneja wanatazama saa. Kwa mara ya kwanza walikuwa wamekubaliana bila mimi: wanaondoka. Nilikwenda kumwambia yule mama. Alikuwa amepanga viti uani, vya kuazima, na kila kimoja amekifuta. Nilimwambia benki zitarudi mwezi ujao.

"Mwezi ingine ua itakuwa ya mtu," alisema.

Niliona aibu, na kwa kuwa nikiona aibu huwa nakasirika, nikamwambia kwa ukali kwamba wadhamini wake ndio waliokimbia, si mimi. Mameneja walikuwa wanapanda garini. Akaweka mikono kichwani, akakaa chini pale kwenye vumbi, akatoa kilio.

Kilikuwa kilio cha msiba. Jirani akakipokea, kisha mwingine, kikapanda mlima. Na wanaume wakarudi. Walitoka migombani kimya kimya, kofia mkononi, kwa sababu asiyeitikia kilio cha mwenzake atazikwa na nani? Hata askari wa kodi hakamati mtu matangani. Mameneja nao wakashuka. Yule aliyeingia Mbale kama gavana akatoa noti ya rambirambi, na wenzake, wasiachwe nyuma, wakatoa zao.

"Nani amekufa?" aliuliza yule wa ndevu nusu, ambaye kumbe alikuwa mmoja wa wale watano.

"Bwana yangu," alisema mama. "Kama yeye iko, mi naweza omba nyinyi dole?"

Mumewe walikuwa wamemzika wao wenyewe, kitambo. Hakuna aliyemkemea, ingawa kwao kulia bila maiti ni kuiita maiti. Yule wa ndevu nusu akaja mpaka kwenye boneti ya gari akanyoosha kidole. Wanne wakamfuata. Mameneja walitia sahihi bila kubishana nani aanze.

Nilifurahi kupita kiasi. Karo imepatikana, ua limebaki lake, na kichwani nilikuwa nimeshaanza kuhutubia kikao kijacho. Mameneja walipokuwa wanagombea kiti cha mbele nilimfuata yule mama, nikamnyooshea mkono, huku nacheka.

"Dada, wewe mjanja! Umewaita wote kwa pigo moja."

Alinitazama, macho bado mekundu. "Mjanja ya nini, afande? Mi sikuita mtu. Mi nilikuwa nalia."

Mkono wangu ulikuwa bado mbele yake. Aliushika kwa mikono yake miwili, kama unavyomshika mtu aliyekuja msibani, akanishukuru kwa kuja.