Vifaranga Nyuma ya Kompyuta

Jamani, mmewahi kuona kompyuta ikifanywa jiko?

Jana niliongeza spidi ya prosesa ndio gemu ya mtandao isikwamekwame. Ikateleza vizuri!

Leo kompyuta inapata moto, inajizima kila dakika tano. Nikafungua dirisha, na mnajua baridi ya huku kwetu Chaka. Wapi!

Nikaivuta mbele. Nyuma, pale inapotoa joto, kuna katoni ya vifaranga.

Nikarudisha spidi ya zamani.

Mama akaingia, akaigusa kompyuta. "Ati umeifanya nini? Mbona imepoa? Unataka wafe?"

"Mama, hii ni ya gemu."

"Kwani gemu hutaga mayai?"

Sasa nimepandisha spidi tena, na katoni nimeisogeza kando kidogo. Dirisha limefungwa. Sichezi, nimekaa tu nikiangalia isizime.

Hata sielewi kama nachunga kompyuta ama kuku.