Laina Iliyomtelezesha Mzee Kioko

Nakumbuka Ijumaa moja, ya mwisho katika mwezi wa Novemba (wapo jamaa wanaodai ilikuwa Alhamisi, wamekosea), tulipokuwa tukimpeleka Mzee Kioko kwao Machakos akazikwe. Ningeiacha siku hiyo ipumzike naye, mwanangu, lau nyinyi vijana wa Kayole msingekuwa mnanijia mlangoni, mmoja baada ya mwingine, mkinionyesha picha za laina kwenye simu. Juzi alikuja Kevo, mjukuu wa jirani yangu, aliyenunua pikapu ya kubebea mizigo.

"Shosho, cheki venye inang'aa," akaniambia. "Ukiweka hii, mtaa mzima unakutambua."

Nikamuuliza atabeba nini. Akasema hapo bado hajafikiria. Basi keti, nawe unisikilize kwa niaba yake.

Laina, kwa asiyejua, ni vazi la bodi ya pikapu, la kuzuia mizigo isikwaruze bati. Marehemu mume wangu, Nzioka, dereva hodari na mwenye maringo yake, alichagua ile ya plastiki ngumu, nyeusi, nyororo kama kioo. Nilimshauri atafute mkeka mzito wa mpira. Alinijibu kwamba mpira ungefanya gari lake lifanane na la kubebea makaa. Wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia darasa la watu wazima, naye aliona kwamba mke anayejifunza herufi hawezi kumfundisha habari za magari. Cheti changu kiko ukutani hadi leo. Plastiki yake iliishia wapi, utasikia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mzee Kioko alikuwa mchonga vinyago huko Makadara. Wanafunzi wake walimtengenezea jeneza wenyewe, wakalipiga msasa na vanishi mpaka ungeweza kujitazama usoni. Nzioka akajitolea kulibeba. Alipotoa kamba alifunge, dada ya marehemu, bibi mzee tuliyemwita Susu, alikataa katakata. Kwao maiti hafungwi kamba. Anayefungwa kamba ni mbuzi wa mnada. Vijana wawili wangeketi nyuma wamshike. Hakuwa na ombi jingine: ndugu yake afike nyumbani bila kufungwa na bila kuangushwa. Nzioka akamwahidi mbele ya waombolezaji wote.

Sasa fikiri, mwanangu. Vanishi juu ya plastiki, tena manyunyu yamelowesha vyote viwili. Barabara ya Mombasa tuliipita salama, mimi nimeketi kati ya mume wangu na Susu, tukiimba nyimbo za kanisa. Tulipoanza kupanda mwinuko wa kuingia Machakos, nilisikia kishindo nyuma. Jeneza lilikuwa limewaponyoka wale vijana, likateleza hadi mlango wa nyuma, mlango ukafunguka, na Mzee Kioko akawa nusu ndani, nusu nje, basi la jamaa zake likitufuata kwa karibu. Vijana walilidaka, mmoja akateguka mkono.

Susu alishuka taratibu. Hakulia. Aliamuru ndugu yake ateremshwe, alazwe juu ya shuka kando ya barabara, kisha laina ifunguliwe skrubu na kutolewa. Wanaume walipoinua plastiki ile, maji machafu yalimwagika, na chini yake bati lilikuwa limeliwa na kutu kama mahindi yaliyobunguliwa. Maji yalikuwa yakijificha humo misimu yote, nasi tukipangusa juu na kusifu mng'ao. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nzioka, mwanangu," akasema Susu, "gari hili ulilivalisha ili watu wakutazame wewe. Anayebebwa hukumfikiria."

Mume wangu alikwenda kuomba magunia ya mkonge kwenye duka la karibu. Tukayatandika juu ya lile bati lililochakaa, na jeneza likatulia. Susu alikataa kurudi mbele; aliketi nyuma na umri wake wote, kiganja juu ya kifuniko, mpaka tukafika. Mzee Kioko hakufungwa, wala hakuteleza tena. Laina ilibaki mtaroni, mbuzi wakaigeuza hori la kunywea maji.

Kwa hiyo nakuambia, ingawa najua nusu ya haya yataingia sikio hili yatokee lile. Kabla hujauliza rangi, uliza mzigo. Mkeka mzito wa mpira hushika kinachobebwa, nawe utauinua kila uoshapo gari. Ukipenda ile ya kupuliza, inayogandamana na bati kama ngozi, chagua yenye kukwaruza mkono, na umtafute fundi atakayekwangua kutu na kukausha bati kwanza. Anayepuliza juu ya kutu anakufunikia kidonda kibichi. Ukiing'ang'ania plastiki, kwa kuwa vijana mmeumbwa kung'ang'ania, itobolewe matundu ya kutolea maji, uiinue mara kwa mara, na usibebe juu yake kitu kisichoweza kufungwa. Wala usiniambie jirani anayo. Jirani yako hubeba magodoro.

Mungu akupe mizigo ya halali na breki zinazotii. Na yeyote atakayekukabidhi kitu chake, awe amekupa kabati la vyombo au amekupa mzazi wake, akipokee mwisho wa safari kama alivyokuachia mikononi. Amina.