Nilipoomba Kumkamata Onen

Niliondoka Bunia kwa sababu ya nyuso. Kwenye redio ninakofanya kazi tulikuwa tumeanza kutoa habari zetu kwenye mtandao pia, na kila habari ilitaka picha. Sauti nazijua, naweza kukaa na mtu hadi asahau kwamba kuna kinasa sauti. Lakini picha zangu zilikuwa zinatia aibu: nyuma anga jeupe, mbele mtu mweusi asiye na macho wala pua, amesimama wima kama anayengoja kusomewa hukumu. Siku moja mkuu wetu wa habari alitazama mojawapo kwa muda, akauliza, "Huyu ni mama wa soko ao ni mulango?" Tulicheka wote, ila swali lake lilinifuata hadi nyumbani.

Ukumu, mwandishi mwenzangu wa Mahagi, ndiye aliyeniambia kuhusu warsha ya upigaji picha upande wa Uganda. Haina darasa. Mwalimu anasafiri na wanafunzi wachache kutoka soko moja hadi kijiji kingine, kila mmoja anaazimwa kamera, na somo linatokea mlipo. Yeye alikuwa amekwisha kujiandikisha. Nami nikajiandikisha.

Mama yangu ni mzaliwa wa Aveba na hana desturi ya kuzunguka na maneno. Nilipomweleza aliendelea kuchambua maharagwe.

"Unavuka mupaka juu ya kujifunza kufinya buto ya kamera?"

"Si kufinya tu, mama."

"Hata mutoto wa yaya yako anafinya." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Alitupa kijiwe nje ya ungo. "Enda. Lakini urudi. Ile barabara ya Mahagi haizoeleki."

Bunia hadi Mahagi. Asubuhi dereva wetu hakuwasha gari mpaka alipowapigia simu wenzake waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama watu wenye silaha wameonekana njiani. Hakuna abiria aliyelalamika. Tulitoka magari kadhaa kwa kufuatana, na kwa muda mrefu ndani ya gari letu watu walizungumza kwa sauti ya chini, kama wako kanisani kabla ya misa. Nilihesabu vizuizi vya barabarani, halafu nikaacha. Baada ya Nioka milima ikawa ya kijani, hewa ikapoa, ng'ombe wakaonekana wakila bila haraka, na mama aliyekaa karibu yangu akafungua chikwange yake, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, akanimegea. Wengine nao wakafungua vyakula vyao. Nikaelewa kwamba tumekwisha kupita sehemu ngumu.

Mahagi hadi Nebbi. Ukumu alinipokea jioni, na asubuhi tulikwenda mpakani Goli kwa pikipiki mbili. Ni mtu mrefu, mpole, anayetania bila kubadilisha uso. Alipoona kizibao changu cha kaki chenye mifuko mingi, nilichokinunua sokoni Bunia katika nguo za mitumba, alinizunguka mara moja.

"Yaya Neema, weye ni mupiga foto ao ni komanda?"

"Mifuko ni ya batri na kadi."

"Komanda pia anasema vile."

Ng'ambo ya mpaka dereva wa pikipiki alihamia upande wa kushoto wa barabara, nami nikafumba macho kila lori lilipotukabili. Tulifika Nebbi nikiwa najisifu kwamba tumewahi. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye veranda ya nyumba ya wageni, mikono kiunoni. Jina lake Stella, Mganda aliyejifunza kazi Nairobi na kurudi na Kiswahili cha huko.

"Mmechelewa," alisema.

"Mwalimu, ni saa tatu kamili."

"Kwenu. Hapa ni saa nne."

Nilikuwa nimevuka mpaka bila kuivusha saa yangu.

Nebbi, sokoni. Somo la kwanza la Stella lilikuwa kivuli. Alinitoa juani, akamweka muuza vitunguu kwenye ukingo wa paa la kibanda chake, uso ukielekea nje, mgongo ukielekea gizani. Akaniambia nipime mwanga kwenye shavu la yule mama, nisipime kwenye anga. Nilipiga. Kwenye kioo kidogo cha kamera ulitokea uso wenye macho, wenye mikunjo miwili kando ya mdomo, wenye jasho juu ya pua. Nilimwonyesha mwenyewe. Alicheka, akawaita majirani. Kwa miaka nilidhani tatizo ni kamera, kumbe nilikuwa nawasimamisha watu pabaya.

Somo la pili lilikuwa kuomba. "Ukimpiga mtu kabla hujaongea naye, umemwibia," Stella alisema. "Sema jina lako, sema unataka nini, ngoja jibu." Hilo halikunipa hofu. Kuongea na watu ni kazi yangu.

Mwaloni, kusini ya Pakwach. Kutoka Pakwach tulifuata njia ya mchanga hadi kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Albert, kwenye mwalo wanapotua na samaki. Tulifika mchana. Kitu cha kwanza nilichoona ni milima ya kwetu. Ninaijua kutoka juu. Huko Ituri tunasimama kileleni tukitazama ziwa chini. Sasa nilikuwa chini, na Kongo ilikuwa ukuta wa buluu upande wa pili, kimya, bila barabara wala kizuizi kinachoonekana.

Stella alitutawanya. Ukumu alikwenda kwenye vichanja vya samaki. Mimi nilimwona mwanamume mmoja amepiga magoti kando ya mtumbwi uliovutwa mchangani, anaziba ufa kwa pamba na lami. Mwanga ulikuwa mzuri ubavuni mwake. Hatua chache kutoka hapo mkewe alikuwa akitandaza wavu. Nilivaa kamera shingoni, nikarekebisha kizibao, nikaenda kwa mke kwanza, kama adabu inavyotaka.

"Mama, jambo. Jina yangu Neema. Ule ni bwana yako?"

Aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Niko naomba nimukamate kidogo, pale pale kwa mutumbwi."

Kwetu Bunia hakuna asiyeelewa. Tunakamata basi, tunakamata chai, tunakamata foto. Wala sikulitaja neno foto, maana kamera ilikuwa kifuani pangu na niliona inatosha.

Mama yule aliniangalia usoni, akaangalia kizibao, akapiga kelele moja kwa Kialur. Mumewe hakugeuka kutazama. Alisukuma mtumbwi, maji yakamfika magotini, akaruka ndani, akaanza kupiga kasia. Kopo la lami lilibaki mchangani na moshi wake.

Ukumu alikuja mbio. Alizungumza na yule mama kwa Kialur, lugha ya kwao Mahagi pia, naye akajibu kwa hasira huku akinyoosha kidole kwangu. Kisha Ukumu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sikuona utani machoni pake.

"Yaya, umemuambia nini?"

Nilimrudia maneno yangu. Alifunika uso kwa mkono.

"Hapa kukamata ni kufunga mutu. Na Kiswahili hapa ni ya waaskari, wale wanakuja kuchoma nyavu ya matundu madogo, ile inakatazwa. Angalia ule wavu."

Niliutazama wavu. Matundu yake hayakupitisha hata kidole changu kidogo.

Mke aliitwa Akelo, na mume Onen. Ukumu alimweleza taratibu kwamba mimi si askari, kwamba natoka Bunia, kwamba kwetu neno hilo ni la kawaida. Nilivua kizibao, nikakikunja na kukiweka chini. Akelo alinitazama kwa dharau ya mtu ambaye hana muda wa kukasirika. Alisema jambo fupi.

"Anasema ufa haujazibwa," Ukumu alitafsiri. "Alikuwa amefika nusu."

Hapo upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka nchi kavu nyuma yetu, ukisukuma kila kitu kuelekea katikati ya ziwa. Onen alikuwa tayari mbali, mwenye ukubwa wa punje ya mtama. Tulipunga mikono. Watu wa mwaloni walipaza sauti. Jirani mmoja mwenye mtumbwi wa injini aliiwasha akaenda, lakini Onen aliposikia injini alipiga kasia kwa nguvu zaidi, akienda mbele. Kwake injini ilikuwa ni askari haohao anaowakimbia. Jirani akarudi, akasema akimfuata zaidi atamwua kwa hofu.

Stella, aliyekuwa amefika mbio kama wengine, hakunilaumu. Alifungua mfuko wake, akatoa lenzi ndefu, akaifunga kwenye kamera yangu na kunirudishia. Niliiinua. Onen akaja karibu ghafla: shati lililolowa, beseni mkononi, maji yakiruka. Nikamwambia Ukumu amwambie Akelo kwamba mumewe yu hai na anakumba maji yaliyoingia mtumbwini. Akelo hakungoja tafsiri iishe. Aliichukua kamera kutoka mikononi mwangu, na mkanda wake ukiwa bado shingoni mwangu, tukasimama tumebanana shavu kwa shavu. Alihangaika kumpata. Alipompata aliibana kamera kwenye jicho. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Nilisikia mlio mmoja. Sidhani kama yeye aliusikia.

Kisha akasema kitu, safari hii bila kelele.

"Anasema anakumba kwa mukono wa kushoto," Ukumu alisema. "Anasema ule mukono hana nao nguvu. Wa kuume umechoka."

Mimi niliona mtu anayekumba maji. Yeye aliona muda uliobaki.

Akelo aliniachia kamera, akaingia majini hadi kwenye mtumbwi wa injini, akapanda mbele kabisa. Alifungua kitenge chake cha njano kilichokuwa juu ya gauni, akakishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, akamwambia jirani aende polepole. Niliwafuata kwa lenzi. Aliposikia injini Onen aliacha beseni, akapiga kasia tena. Halafu kasia likasimama. Alikuwa ameona njano. Alisimama ndani ya mtumbwi wake, maji yakiwa juu ya vifundo vya miguu, naye akaacha upepo umsogeze huku wakimfikia.

Sikupiga picha. Mbele ya jicho langu kioo cha kamera kilijaa ukungu.

Walirudi wamekaa bega kwa bega, mtumbwi mbovu ukivutwa nyuma kwa kamba, umezama hadi ukingoni. Nilipiga magoti kuomba radhi. Onen alikuwa anatetemeka kwa baridi na hakujua aweke macho wapi. Akelo alimfunika kitenge kilicholowa, akanigeukia, akasema kwa Kiswahili alichokuwa nacho muda wote:

"Sasa umukamate. Umukamate muzuri, asitoroke tena."

Mwalo mzima ulicheka. Onen alikuwa wa mwisho kucheka, na alicheka hadi akaketi chini. Nami nilicheka, kisha nikalia kidogo, na Ukumu akanipa kitambaa bila neno la utani.

Siku ya mwisho mwaloni. Stella ana desturi ya kuning'iniza picha zilizochapishwa kwenye kamba, katikati ya kijiji, kila mwanafunzi moja. Mimi nilichagua ile ya mlio mmoja. Imekaa upande, anga limechukua sehemu kubwa, na chini pembeni kuna mtu mdogo na beseni, na maji yaliyosimama hewani kama kipande cha kioo. Chini yake niliandika kwamba aliyepiga ni Akelo. Wavuvi waliipita wakitaniana. Onen alisimama mbele yake mpaka wenzake wakamwacha peke yake.

"Sikujua nilikuwa mbali vile," alisema mwishowe, na Ukumu akanitafsiria.

Akelo alibandua picha kwenye kamba akaenda nayo. Hakuna aliyemzuia.

Kurudi. Goli, Mahagi, Nioka, halafu zile sauti za chini ndani ya gari, na simu za dereva. Tulipoingia Bunia abiria wote waliongea kwa wakati mmoja. Mama alinishika mabega, akanitazama kama anayehakikisha nimerudi mzima, ndipo akauliza habari za picha.

Nimejifunza kutafuta kivuli na kupima mwanga shavuni, na nyuso zangu sasa zina macho. Mkuu wa habari amethibitisha. Nimejifunza pia kwamba neno langu mwenyewe, ninalolitumia tangu utotoni, linaweza kumfika mtu likiwa limevaa nguo nyingine. Siku hizi nikiomba ruhusa nasubiri, namtazama mtu alivyonisikia, kisha narudia kwa maneno mengine. Kizibao nilikiacha Nebbi.

Wiki iliyopita Ukumu alivuka kwenda mwaloni kwa kazi yake, akanipigia simu kutoka huko. Nilisikia upepo, na sauti ya mwanamume ikimharakisha.

"Onen anasema nikuambie," Ukumu alisema, "ufa umezibwa. Ameshinda majini tangu asubuhi, na ndani mutumbwi iko mukavu."